"Ugonjwa unaoua kwa siku mbili": Superantijeni ni nini, na kwa nini kinga yako inaweza kukugeuka?

Kwa kifupi

- Mshtuko wa sumu ya bakteria ni ugonjwa wa nadra, lakini unaweza kuua ndani ya siku chache.
- Madhara mengi hayatokani na bakteria moja kwa moja. Yanatokana na sumu zinazoitwa superantijeni, ambazo huamsha kinga ya mwili kupita kiasi.
- Hospitali ina tiba, lakini tiba hiyo hutegemea sana kuwahi.
- Maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha, pamoja na homa, ni sababu tosha ya kwenda hospitali leo, si kesho.

Habari iliyotutisha

Katikati ya mwaka 2024, huenda ulitumiwa kwenye simu yako ujumbe kuhusu "bakteria wanaokula nyama" walioibuka Japani, wanaoua mtu kwa saa 48. Wengi waliusambaza kwa nia njema, na wengi waliogopa kwamba janga jingine kama la UVIKO-19 limebisha hodi.

Sehemu ya habari hiyo ilikuwa kweli. Kufikia tarehe 2 Juni 2024, Japani ilikuwa imeorodhesha wagonjwa 977 wa mshtuko wa sumu unaoletwa na bakteria aina ya streptokokasi. Mwaka mzima wa 2023 walikuwa 941, na hiyo nayo ilikuwa idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Takriban wagonjwa 3 kati ya 10 hufariki, hata katika nchi yenye hospitali nzuri kama Japani.

Sehemu nyingine ilipotosha. Ugonjwa huu si mpya, hauletwi na virusi, na bakteria wake hawali nyama. Streptokokasi wa kundi A ni wadudu tunaoishi nao siku zote. Ndio wanaowapa watoto wetu maumivu ya koo na vidonda vya ngozi. Mara chache sana huingia ndani ya damu au misuli, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Swali ni hili: mdudu anayeleta maumivu ya koo kwa mamilioni ya watoto anawezaje kumwangusha mtu mzima mwenye afya kwa siku mbili? Ukilielewa jibu lake, utajua cha kuogopa, cha kupuuza, na la kufanya.

Siku ya kawaida katika mwili wako

Mwili wako una walinzi wa aina nyingi. Hapa tutazungumzia wawili tu.

Wa kwanza ni seli zinazozunguka mwilini zikimeza wadudu. Zikishammeza mdudu humkatakata, kisha huchukua kipande kidogo cha protini yake na kukipachika juu ya uso wao. Kipande hicho ndicho antijeni. Hukaa ndani ya mfereji mdogo wa protini maalumu inayoitwa MHC daraja la pili.

Wa pili ni seli T. Kila seli T ina vipokezi juu ya uso wake, na ncha ya kipokezi imeumbwa kutambua kipande cha aina moja, au aina chache tu. Seli T hupita ikikagua vipande vinavyoonyeshwa. Ikikuta kile inachokitambua, huamka, huzaliana na kutoa kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo huitwa saitokini.

Chukua mfano wa mtaani. Balozi wa nyumba kumi ameshika picha ya mwizi. Sungusungu wanapita mmoja mmoja wakiitazama. Kila sungusungu anajua sura moja tu, kwa hiyo wengi wataitazama picha na kupita zao. Anayemjua mwizi yule ndiye atakayepiga filimbi, na atafuatwa na wachache wanaohitajika kwa kazi ile. Mtaa mzima hauamki.

Ndivyo ilivyo mwilini. Antijeni ya kawaida huamsha chini ya seli T 1 kati ya 10,000. Uchache huo una maana, kwa sababu saitokini ni silaha kali. Zikitolewa kidogo na mahali panapohusika, huponya. Zikitolewa mwili mzima kwa wakati mmoja, huharibu.

Superantijeni huvunja utaratibu huo

Superantijeni ni protini zinazotengenezwa na baadhi ya bakteria, hasa streptokokasi wa kundi A na stafilokokasi. Hazingoji kumezwa, kukatwa wala kupachikwa kwenye mfereji. Superantijeni ikiwa nzima nzima hushika upande wa nje wa MHC kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hushika ubavu wa kipokezi cha seli T. Seli hizi mbili hujikuta zimefungwa pamoja, na seli T hupata ishara ya kuamka hata kama kipande kilichomo mferejini hakiihusu kabisa.

Kwa mfano wetu, ni kama mtu aje amshike balozi mkono, kisha amvute sungusungu kwa ukosi wa shati na kuwagonganisha. Hakuna aliyeitazama picha, lakini filimbi imepigwa.

Ukosi huo ndio siri ya jambo lote. Kipokezi cha seli T kina minyororo miwili ya protini, alfa na beta. Kwenye mnyororo wa beta kuna sehemu inayoitwa V, na sehemu hiyo ina familia zipatazo ishirini na kitu. Kila superantijeni hushika familia moja au chache. Kwa mfano, sumu ya stafilokokasi inayoitwa TSST-1 hushika familia ya Vβ2. Seli T zenye Vβ2 ni nyingi sana, na kila moja ilikuwa imejiandaa kupambana na adui tofauti. Sumu haijali maandalizi hayo. Wote waliovaa ukosi wa namna ile huamshwa kwa pamoja.

Matokeo yake, superantijeni moja inaweza kuamsha seli T 20 kati ya kila 100, na wakati mwingine zaidi. Linganisha na ile 1 kati ya 10,000. Ndiyo maana mwaka 1989 watafiti wa Denver, Marekani, wakiwemo John Kappler na Philippa Marrack, walizipa sumu hizi jina la superantijeni.

Alama hii humsaidia pia mtafiti. Akipima damu ya mgonjwa na kukuta familia moja ya V imeongezeka kupita kiasi ilhali nyingine zimetulia, hushuku kwamba superantijeni imepita hapo.

Kutoka seli T hadi mshtuko

Maelfu kwa maelfu ya seli T zikiamka pamoja, saitokini hufurika kwenye damu. Homa hupanda ghafla. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea na kuanza kuvuja maji. Presha ya damu hushuka. Damu haifiki vizuri kwenye figo, ini, mapafu na ubongo.

Hali hii ndiyo madaktari wanayoiita mshtuko. Usiichanganye na mshtuko wa kupata habari mbaya. Ni hali ambayo viungo vya mwili vinakosa damu ya kutosha, na visiposaidiwa huanza kufa.

Sasa unaweza kuona kwa nini ugonjwa huenda mbio. Bakteria si lazima wasambae mwili mzima. Wanaweza kuwa wamekaa kwenye jeraha dogo au kwenye mfuko wa uzazi, huku sumu yao ikisafiri. Ndiyo maana kidonda kinaweza kuonekana kidogo na mgonjwa akawa mahututi.

Wakati mwingine bakteria hao hao huua tishu zilizo chini ya ngozi, na hapo ndipo lilipotoka lile jina la "kula nyama". Magonjwa hayo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja, lakini si kitu kimoja.

Tulishafundishwa somo hili

Mwaka 1978 daktari James Todd na wenzake huko Colorado walieleza habari za watoto saba waliopata homa, upele na kushuka kwa presha. Waliuita mshtuko wa sumu. Miaka miwili baadaye wanawake wengi vijana wa Marekani walianza kuugua vivyo hivyo, hasa wakati wa hedhi. Uchunguzi uliwaongoza wataalamu kwenye tamponi zenye uwezo mkubwa wa kunyonya damu. Aina moja, Rely, iliondolewa sokoni Septemba 1980.

Tamponi zenyewe hazikuwa na sumu. Ziliwapa stafilokokasi mazingira mazuri ya kutengeneza TSST-1. Bidhaa zilipobadilishwa na wanawake walipofundishwa namna ya kuzitumia, wagonjwa walipungua sana. Somo lake ni kwamba elimu sahihi, iliyotolewa bila kumdhalilisha mtu, huokoa maisha.

Kilichobadilika kati ya 2022 na 2024

Japani haikuwa ya kwanza. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba Ufaransa, Ireland, Uholanzi, Sweden na Uingereza zilikuwa zikiona ongezeko la maambukizi makali ya streptokokasi wa kundi A, hasa kwa watoto wadogo. Ongezeko hilo halielezwi na sababu moja tu. Hizi tatu zinastahili kutajwa.

*Pengo la kinga.* Wakati wa UVIKO-19, shule zilifungwa na watu walijitenga. Watoto wengi hawakukutana na wadudu wa kawaida wa koo. Kinga dhidi ya sumu hizi hujengwa kwa kukutana nazo kidogo kidogo, na watu wazima walio wengi wanazo kingamwili dhidi ya TSST-1. Maisha yaliporudi kama zamani, wadudu waliwakuta wengi hawajajiandaa.

*Ukoo wenye sumu zaidi.* Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walieleza ukoo mpya wa streptokokasi wa kundi A walioupa jina M1UK. Unatofautiana na ndugu zake kwa mabadiliko 27 tu ya herufi moja moja za vinasaba, lakini katika vipimo vya maabara ulitengeneza superantijeni iitwayo SpeA karibu mara tisa zaidi. Japani ilianza kuukuta ukoo huu kwa wagonjwa wake mwaka 2023.

*Namna ya kuhesabu.* Hesabu ya Japani haina kundi A peke yake. Inajumuisha pia jamii nyingine za streptokokasi, na nchi hiyo ina sheria ya kuripoti kila mgonjwa. Nchi inayohesabu vizuri itaonekana ina wagonjwa wengi kuliko nchi isiyohesabu.

Hoja hii ya mwisho inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamekuwa wakipima damu ya watoto wanaolazwa hospitalini. Wameonyesha kwamba streptokokasi wa kundi A ni miongoni mwa bakteria wanaoingia kwenye damu ya watoto, wakiwemo wachanga. Waliwapata kwa sababu waliwatafuta. Vituo vingi vya afya havina maabara ya kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufariki huku cheti kikiandikwa "homa kali".

Kwa hiyo usifarijike kwa kuona nchi yako haijatajwa kwenye habari. Ukimya wa takwimu si ushahidi wa usalama. Tunachohitaji zaidi ya kusambaza ujumbe wa kutisha ni maabara zinazoweza kupima, wahudumu wanaojua dalili, na dawa zinazopatikana usiku wa manane.

Tiba: kuua bakteria na kunyamazisha sumu

Habari njema ni kwamba streptokokasi wa kundi A bado wanauawa na penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Lakini penisilini peke yake haitoshi katika mshtuko wa sumu. Hufanya kazi vizuri dhidi ya bakteria wanaoendelea kugawanyika, na haigusi sumu iliyokwishatoka.

Kwa sababu hiyo madaktari huongeza klindamaisini, dawa inayozuia bakteria kutengeneza protini. Sumu ni protini, kwa hiyo kiwanda chake husimama. Mgonjwa huhitaji pia maji mengi kupitia mshipa, dawa za kupandisha presha na uangalizi wa karibu. Pakiwa na usaha au tishu zilizokufa, upasuaji hufanywa haraka ili kuondoa chanzo.

Katika baadhi ya hospitali hutolewa pia kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa damu ya wachangiaji wengi. Hizi hukamata sumu kabla haijazishika seli T. Ni ghali na hazipatikani kila mahali.

Mpaka sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya streptokokasi wa kundi A, ingawa utafiti unaendelea.

Dalili za kuangalia

Mwanzoni ugonjwa hufanana na malaria au mafua makali. Nenda hospitali mara moja ukiona homa pamoja na mojawapo ya haya:

- Maumivu makali ya mguu, mkono au sehemu nyingine, yanayozidi ukubwa wa jeraha linaloonekana, au hata pasipo jeraha.
- Uvimbe unaosambaa haraka, au ngozi inayobadilika rangi na kutoa malengelenge.
- Kutapika na kuharisha pamoja na kizunguzungu unaposimama.
- Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, kupumua haraka.
- Mkojo kupungua sana.
- Upele mwili mzima kama ngozi iliyoungua na jua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huwa mgumu kuuona, kwa hiyo angalia macho, midomo na viganja, na upapase ngozi kama imekuwa ya kukwaruza.

Kipimo cha malaria kikitoka hasi na mgonjwa akazidi kuzorota, usirudi nyumbani kungoja. Kikitoka chanya na hali ikaendelea kuwa mbaya licha ya dawa, rudi pia. Mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Nani awe makini zaidi?

Ugonjwa unaweza kumpata yeyote, hata kijana mwenye nguvu. Hata hivyo hatari huongezeka kwa wazee, wenye kisukari, wenye majeraha ya moto au vidonda, watoto wenye tetekuwanga, na wanawake waliotoka kujifungua au mimba ikiharibika.

Mama aliyejifungua anahitaji macho ya familia nzima. Homa na maumivu makali ya tumbo katika siku za arobaini si "maziwa yanashuka" wala "uchovu wa uzazi" mpaka mhudumu wa afya aseme hivyo. Usimwache chumbani kwa kuogopa gharama ya usafiri usiku.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Osha kila jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha lifunike. Lichungulie kila siku.
- Nawa mikono kabla ya kumhudumia mama mzazi, mtoto mchanga au mwenye kidonda.
- Ukiandikiwa antibiotiki, maliza dozi. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha.
- Ukitumia tamponi, ibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 8. Kikombe cha hedhi kioshe vizuri na ufuate muda ulioandikwa kwenye maelekezo. Ukipata homa ya ghafla na upele, kitoe na uende hospitali.
- Usiache pilau au nyama ya shughuli ikae nje kwa saa nyingi. Baadhi ya sumu za stafilokokasi zinazosababisha kutapika baada ya kula ni superantijeni pia. Kupasha moto huua bakteria, lakini sumu iliyokwishatengenezwa hubaki. Sumu hii ikimezwa kwa kawaida huishia kwenye tumbo na haileti mshtuko, lakini hakuna sababu ya kuila.

Maswali tunayoulizwa

*Je, niongeze kinga kwa vidonge na mitishamba ili nisipate?* Hapana. Umeona kwamba tatizo hapa si seli T chache au dhaifu. Ni seli T nyingi zilizoamshwa bila utaratibu. Kinachosaidia ni kingamwili zinazoikamata sumu yenyewe, na hizo hazipatikani kwenye chupa ya "kuongeza kinga".

*Je, nimuogope mtoto mwenye maumivu ya koo?* Hapana. Walio wengi sana hupona bila shida. Mpeleke akapimwe, ampe mwenzake nafasi kwa kutokwenda shule mpaka saa 24 tangu aanze dawa, na asitumie kikombe kimoja na wengine.

*Je, ukoo wa M1UK utatufikia?* Bakteria husafiri na watu, na kuzuia safari hakutusaidii. Koo nyingine zenye superantijeni zimekuwa nasi muda mrefu. Dalili na tiba ni zile zile, na kinachotofautisha aliyepona na aliyefariki mara nyingi ni saa chache za mwanzo.

Kumbuka

Ujumbe ulioupokea ulikwambia uogope bakteria wanaokula nyama. Sisi tunakuomba ukumbuke jambo dogo zaidi: homa pamoja na maumivu yasiyoelezeka ni ishara kwamba walinzi wa mwili huenda wamevurugwa, na hawawezi kujituliza wenyewe. Ukiusambaza ujumbe wowote, usambaze huo.

*Maelezo haya ni ya elimu tu na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Ukiwa na wasiwasi juu ya hali yako au ya mtu wako, nenda kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa.*